Umeme wa Jua, Upepo na Betri Majumbani Mwetu: Tupime Kabla ya Kununua

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake, Masahaba wake na wote waliofuata uongofu wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Katika misikiti yetu mingi, haipiti miezi mingi bila kusikika tangazo la mchango baada ya swala ya Ijumaa. Zamani michango ilikuwa ya saruji, mabati na mikeka. Leo imeongezeka michango ya sola. Waumini hutoa, kamati hununua, fundi hupandisha paneli juu ya paa, na watu humshukuru Allah (s.w.) kwa neema hiyo. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi miaka miwili haijatimia kabla betri hazijafa. Paneli hubaki juu ya paa zikiwaka jua bure, na imamu huongoza swala ya Alfajiri kwa kurunzi ya simu. Kisha hutangazwa mchango mwingine, wa kitu kile kile, na hakuna anayeuliza mchango wa kwanza ulipotea vipi.

Hali hiyo hiyo imo majumbani mwetu. Mtu huuza mbuzi wake au huvunja akiba ya mwaka mzima ili apate umeme, naye hajui anahitaji umeme kiasi gani, wala anachouziwa kinatoa kiasi gani. Kwa kuwa mali ni amana ambayo kila mmoja wetu ataulizwa aliichuma wapi na aliitumia katika nini, tumeona ni wajibu wetu mwezi huu kulizungumza jambo hili kwa urefu.

Funzo la giza la Unguja

Wapo wanaodhani kwamba kujitafutia umeme wa nyumbani ni anasa ya wenye fedha. Ndugu zetu wa Unguja wana jibu lao. Tangu mwaka 1980 kisiwa hicho kilipata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Kabla watu hawajasahau, hitilafu nyingine ikatokea mwezi Disemba 2009, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji za mji zilitegemea umeme huo huo, hivyo mabomba nayo yakakauka. Wenye uwezo walinunua jenereta, na mitaa ikajaa moshi na kelele usiku na mchana. Wasio na uwezo walirudi kwenye koroboi na mishumaa. Waya mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013.

Mafunzo ya tukio hilo ni mawili. La kwanza ni kwamba nyumba, msikiti au hospitali yenye njia moja tu ya kupata nishati imejiweka katika hatari. La pili, ambalo wengi hawalizingatii, ni kwamba wakati wa dhiki watu hununua kwa pupa, na anayenunua kwa pupa hununua vibaya. Wakati wa kufikiri na kupima ni huu wa raha, kabla ya giza jingine.

Jua, upepo na betri: kila kimoja na kazi yake

Huulizwa sana: tuchukue sola, au upepo, au betri? Swali lenyewe linahitaji kusahihishwa. Jua na upepo ni vyanzo vya umeme, na betri ni ghala. Betri haizalishi chochote. Hutoa kile tu ilichopewa, tena kwa kupungua kidogo.

Wanaosoma Kiarabu wanafahamu kwamba katika Sura Yunus (10:5) Allah (s.w.) amelitajia jua neno dhiyaa na mwezi akautajia neno nuru. Wafasiri wengi wameeleza kuwa dhiyaa ni mwangaza wa kitu chenyewe, ulioambatana na joto, na kwamba nuru huweza kuwa mwangaza uliopokewa kutoka kwingine. Tunaichukua tofauti hiyo kuwa mfano wa kufahamishana tu, wala hatudai kuwa aya imekuja kuzungumzia vyombo vya zama zetu. Paneli ni ya upande wa jua, na betri ni ya upande wa mwezi. Anayenunua betri kubwa na paneli ndogo amejenga ghala kubwa lisilo na shamba la kulijaza.

Ama upepo, Qur-ani imeutaja miongoni mwa Ishara za Allah (s.w.) na rehema Zake (30:46), na sisi watu wa mwambao tunaijua neema yake kwa kaskazi na kusi zilizoleta majahazi ya babu zetu. Lakini si kila neema inafaa juu ya kila paa. Nguvu inayopatikana katika upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake: kasi ikipungua kwa nusu, nguvu haipungui kwa nusu, bali hubaki sehemu moja tu ya nane. Kwa hiyo pangaboi dogo linalozunguka vizuri siku za kusi huweza kukaa kimya tangambili yote. Zaidi ya hayo, linahitaji mlingoti mrefu unaopita juu ya minazi na maghorofa ya jirani, lina sehemu zinazozunguka na kulika, na chumvi ya bahari huliharibu upesi. Wakenya wamejenga mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, kwa sababu mahali hapo pana upepo mkali usiokatika na palipatikana fedha na mafundi wa kuihudumia. Mwenye shamba katika nyanda zilizo wazi za Singida au Makambako anaweza kulifikiria pangaboi, baada ya kupima upepo wa mahali pake kwa mwaka mzima. Mwenye nyumba katikati ya mitaa ya Dar es Salaam au Tanga, ushauri wetu kwake ni kwamba aachane nalo.

Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, chanzo kinachofaa ni jua. Paneli haina kitu kinachozunguka, na ikiwa ya kweli hudumu miaka 25 ikipungua nguvu kidogo kidogo. Kinachotakiwa ni kuiepusha na kivuli, kwani hata kivuli cha tawi moja la mwarobaini huweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wake, na kuifuta vumbi na chumvi. Kwa sisi tulio kusini mwa Ikweta paneli huinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, na kwa watu wa mwambao kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam huo ndio upande wa Kibla, hivyo hakuna fundi wa kutuambia kuwa hana dira.

Aliyekwisha kufikishiwa umeme wa gridi, asiukate kwa sababu tu jirani yake ameweka sola. Umeme huo unamfaa kwa vitu vizito kama pasi na pampu. Ikiwa tatizo lake ni kukatika kwa saa chache, huenda betri na inveta inayochajiwa na gridi hiyo hiyo ikamtosha bila paneli hata moja. Ajue tu kwamba njia hiyo haipunguzi gharama ya umeme, bali huiongeza kidogo, maana kila umeme unapoingia na kutoka katika betri sehemu yake hupotea.

Kibaba na pishi za umeme

Imepokewa katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji ya kibaba kimoja, na akioga josho kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Masahaba waliyahifadhi hata makadirio ya maji, ili sisi tujifunze kwamba matumizi ya Muislamu yana kipimo. Basi umeme nao una kibaba chake, nacho ni wati-saa: wati za chombo zikizidishwa kwa saa kinazotumika. Wati-saa 1,000 ndiyo ile uniti moja tunayoinunua kwenye mita ya LUKU.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida. Taa 5 za LED za wati 7, zikiwaka saa 5, hutumia wati-saa 175. Kuchaji simu 4 ni kama wati-saa 40. Redio ya wati 10 kwa saa 4 ni 40 nyingine. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Feni moja ya wati 50 kwa saa 8 za usiku ni 400. Jumla ni wati-saa 815, yaani haifiki hata uniti moja kwa siku. Sasa linganisha na pasi ya wati 1,000: ikinyooshea nguo kwa saa moja tu imekula zaidi ya nyumba nzima kwa siku nzima. Birika la umeme na jiko la sahani ni vizito zaidi ya hapo. Mwenye kutaka sola ya kupigia pasi na kupikia atalipa mara nyingi zaidi ya yule anayetaka taa, feni na habari. Afadhali pasi ibaki ya mkaa au ya gridi, na fedha zilizookolewa zilipe karo ya mtoto.

Baada ya kupata jumla, huongezwa fungu la upotevu katika nyaya, betri, inveta na joto. Kwa mfano wetu, 815 huwa kama 1,160. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, jua la siku nzima likikusanywa ni sawa na saa 4 hadi 5 za jua kali la adhuhuri. Tukigawa 1,160 kwa saa 4 na nusu tunapata karibu wati 260. Paneli ya wati 300 itatosha na kubakisha akiba kidogo kwa siku ya mawingu. Hesabu hii haihitaji mhandisi. Kijana yeyote wa madrasa aliyejifunza kugawanya mirathi anaweza kuifanya, na ni vema akaifanyia familia yake kabla baba hajaenda dukani.

Betri ndiyo penye mzigo

Ni vema ikaeleweka kwamba katika mtambo wote huu, kinachokufa mapema, kinachokula fedha na kinachoweza kudhuru ni betri. Fikra zetu nyingi zielekee hapo.

Sokoni zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni betri ya risasi na asidi, ya maji au kavu, ambayo bei yake ni nafuu. Hii haitaki kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake. Anayeikausha kila usiku huiua kabla ya miaka miwili, na anayeilinda huweza kukaa nayo miaka mitatu hadi mitano. Joto ni adui yake mkubwa, kwa hiyo kuiweka chini ya bati la moto ni kuipunguzia umri. Betri ya gari isitumiwe kwa kazi hii kabisa, kwani imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Aina ya pili ni ya lithiamu, hasa ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi, lakini hutumika hadi asilimia 80 au 90 ya ujazo wake, na ikiwa nzuri huweza kufika miaka 10.

Nyumba ya mfano wetu hutumia usiku kama wati-saa 750. Kwa betri ya risasi itahitajika yenye ujazo mara mbili, wati-saa 1,500, nayo ni betri ya volti 12 yenye ampea-saa 125. Kwa lithiamu, ampea-saa 100 zinatosha na kubaki. Atakayehesabu bei ya leo peke yake atachukua risasi. Atakayehesabu miaka 10, ambamo betri ya risasi itabadilishwa mara mbili au tatu, mara nyingi atakuta kwamba lithiamu ndiyo rahisi. Asiye na uwezo wa hiyo asilaumiwe. Anunue ya risasi, aitunze, na aanze siku ile ile kuweka akiba ya betri itakayofuata.

Kuna jambo zito zaidi ya fedha. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya risasi ni hiyo risasi yenyewe, na risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014, pembeni kabisa mwa makazi ya watu. Sumu iliingia katika udongo, hewa na damu za wakazi. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi mwilini, naye akaanza kuwatetea wenzake. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, hazimrudishii mtoto akili iliyoharibika.

Kanuni ya sheria yetu ni kwamba Muislamu hadhuru wala halipizi madhara kwa madhara. Basi yule anayeitupa betri mbovu nyuma ya nyumba, anayemwaga asidi yake mtaroni, au anayewaachia vijana waipasue na kuyeyusha risasi yake juani, ajue kwamba madhara yale yako shingoni mwake. Betri mbovu irudishwe kwa muuzaji anayepokea kuukuu, au ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali, ikiwa nzima na imesimama wima.

Usalama wa nyumba nao usisahauliwe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuzima taa tunapolala, na katika Hadithi hiyo ametaja kwamba panya huweza kuuvuta utambi na kuwaunguza watu wa nyumba. Sababu aliyoitaja bado ipo, ingawa utambi umegeuka waya. Betri isiwekwe chumba cha kulala. Iwe mahali penye hewa, kwa kuwa betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Fyuzi na kidhibiti cha chaji visiachwe kwa kubana matumizi. Ama jenereta, isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani hata kwa dakika chache, kwani moshi wake una gesi isiyonusika inayoua watu usingizini.

Ghishi dukani na riba katika mikopo

Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya rundo la nafaka na kukuta umajimaji uliofichwa chini. Akamkemea mwenye mali, na akamtoa mwenye kughushi katika mwenendo wetu. Leo rundo hilo ni paneli iliyoandikwa wati 300 nayo haitoi hata 100, na betri iliyobandikwa karatasi mpya juu ya mwili wa zamani. Baadhi ya wanaouza hivyo ni watu tunaosimama nao safu moja. Tunawanasihi wafungue Suratul-Mutwaffifiin na kujiuliza kama wati nazo hazimo katika vipimo.

Mnunuzi naye asiwe mjinga wa mali yake. Kuna kipimo chepesi. Jua kali la adhuhuri huleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza karibu asilimia 20 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya paneli hutoa karibu wati 200. Paneli yenye upana wa nusu mita na urefu wa mita moja haiwezi kutoa wati 300, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Chukua futi kamba uende nayo dukani. Tafuta alama ya shirika la viwango la nchi yako, dai risiti na dhamana iliyoandikwa, na umtumie fundi mwenye leseni. Huko Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA.

Kisha kuna suala la mikopo. Zimeenea kampuni zinazotoa mitambo ya sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu, na wengi hutuuliza hukumu yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, lilieleza kwamba yafaa bei ya malipo ya awamu kuwa kubwa kuliko bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wawili hao wakubaliane bei moja inayojulikana kabla ya kuachana. Likaeleza pia kwamba haifai kumwongezea mnunuzi deni kwa sababu amechelewa kulipa, kwani nyongeza hiyo ni riba. Kwa hiyo Muislamu aulize mambo matatu kabla ya kuweka dole gumba: Jumla ya bei ni ngapi mpaka malipo ya mwisho? Nikichelewa, deni linaongezeka? Ni lini chombo kinakuwa changu kikamilifu? Muuzaji asiyeweza kuyajibu haya kwa maandishi, tuachane naye. Na aliye na mkataba wa nyongeza za ucheleweshaji amwendee mwanachuoni anayemwamini, akiwa na karatasi zake mkononi, apate kuongozwa katika kutoka humo.

Msikiti uwe wa kwanza

Msikiti una tabia yake katika matumizi ya umeme, na fundi asiyeswali huenda asiijue. Swala tatu kati ya tano, Alfajiri, Magharibi na Isha, huswaliwa wakati jua halitoi umeme wa maana. Feni za Adhuhuri na za Ijumaa huweza kuendeshwa na paneli moja kwa moja, bali taa na kipaza sauti cha Alfajiri hutegemea betri kikamilifu. Mwezi wa Ramadhani, kwa tarawehe na visomo vya usiku, haja ya betri hukaribia kuwa mara mbili. Kamati inayopima mahitaji yake mwezi wa Shawwal itajikuta gizani Ramadhani ifuatayo.

Kwa upande mwingine, maji ya udhu hayahitaji betri. Pampu ya sola huvuta maji mchana, tangi likawekwa juu, na watu wakatawadha usiku kwa maji yaliyoshuka yenyewe. Tangi la plastiki ndilo ghala rahisi kuliko yote, na halina sumu. Kamati nyingi hutumia fedha kununua betri za kuendeshea pampu usiku, na hiyo ni israfu iliyo wazi.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshatangulia. Morocco ilitangaza mwaka 2016 mpango wa kubadilisha matumizi ya nishati katika misikiti 600, kwa taa za LED, vipasha maji vya jua na paneli. Msikiti wa Istiqlal wa Jakarta umewekewa paneli zaidi ya 500 juu ya paa lake. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Kijijini Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini ambao wengi wao hawakupata skuli ya kutosha wamefunzwa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, nao wakarudi kuhudumia vijiji vyao. Ikiwa mama aliyeacha skuli mapema ameweza kuujua mtambo, haielekei msikiti wenye mamia ya waumini ukose hata mmoja anayejua kupima betri yake.

Wito wetu

Tunaziomba kamati za misikiti na madrasa zichukue hatua nne ndani ya mwaka huu, Allah akipenda.

Kwanza, kila kamati iandike orodha ya vyombo vyake, wati zake na saa zake, na ibandike hesabu hiyo ukutani kabla ya kutangaza mchango wowote. Mtoaji ana haki ya kujua sadaka yake inanunua nini.

Pili, kila mchango wa sola utengewe fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza. Anayetoa waqfu wa paneli hujitakia sadaka inayoendelea, na sadaka hiyo haiwezi kuendelea ikiwa hakuna aliyefikiria betri ya pili.

Tatu, msikiti uteue vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wapelekwe kujifunza ufundi huu, wawe wakaguzi wa mtambo wa msikiti na washauri wa majirani. Wao ndio wakusanye betri mbovu za mtaa na kuzifikisha panapostahiki.

Nne, penye uwezo uanzishwe mfuko wa mkopo mwema usio na nyongeza, ili mjane na yatima wapate taa ya kusomea bila kuingizwa katika riba. Tusimkataze maskini haramu kisha tukamwacha gizani bila ya kumwonesha halali.

Qur-ani (25:67) imewasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwa kukaa kati na kati katika kutoa, bila ya israfu wala ubakhili. Nyumba yenye taa tano zilizopimwa, zikawaka kila usiku kwa miaka kumi, imekaa katika njia hiyo. Nyumba yenye mtambo mkubwa uliokufa na deni lisilokwisha imetoka nje yake, hata kama majirani waliishangilia siku ya kwanza.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuneemeshe kwa chumo la halali, atuongoze katika matumizi yake, awalinde watoto wetu na kila lenye kudhuru, na azijaalie nyumba na misikiti yetu nuru ya dunia na ya Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiiq.